Mutoto kusomea nyumbani: hatulaumu muzazi, tunauliza serkali

Wandugu raia,

Hapa Beni na Butembo, wazazi wengine wameanza kutoa watoto ku masomo ya serkali na kuwafundisha mu parsele. Mwenye iko na franka kidogo analipa mwalimu aje nyumbani. Mwenye hana, ni mama mwenyewe na chaki mukononi, mbele ya kwenda soko.

Tutawalaumu juu ya nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya musingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serkali. Tulingojea mpaka Septemba 2019 ndipo bure hiyo ianze. Kabla ya hapo, toka miaka ya 1990, ni wazazi walikuwa wanabeba walimu na ile pesa ya "prime". Prime ilipokatwa watoto waliingia kwa wingi, na sisi tulifurahi. Lakini kalasi zilibaki zilezile. Watoto wanabanana ku benchi moja, wengine wanakaa chini. Na mwalimu? Kuko wale wanaitwa N.U. na N.P.: wenye hawajaingia ku listi ya mushahara, na wenye kuingia lakini hawalipwi. Mutu wa namna hiyo anagoma, na bado kuko wenye kumuita mwalimu mubaya! Ongeza vita: pembeni ya Beni, muzazi anaogopa hata njia ya kwenda shuleni.

Ila kuko jambo moja linatusumbua. Wenye kutoa watoto ni mara nyingi wale wanajua kusoma, wenye wanaweza kusimama katika mukutano ya wazazi na kuuliza hesabu. Wakitoka hao, nani atauliza? Mutoto wa mukimbizi na wa mukulima watabaki peke yao na kalasi ya watu mia. Na ule wa nyumbani, kama jina lake haliko ku listi ya shule yoyote, nani atamupeleka kufanya ENAFEP?

Kwa hiyo, muzazi, fundisha mutoto nyumbani, ni vizuri, lakini jina lake usilifute shuleni, na mukutano ya wazazi usiikose.

Kwa serkali tunadai: N.U. na N.P. wote walipwe, na listi yao ibandikwe ku mulango wa kila shule, majina na miezi wanayodai. Kalasi zijengwe. Na mwenye kuomba wazazi franka ku musingi, chini ya jina lolote, ashitakiwe.

Tunangoja jibu kwa maandishi mbele ya masomo kufunguliwa. Lisipokuja, tutakwenda kulichukua sisi wenyewe, kwa amani, pamoja na wazazi na walimu.

Sisi vijana raia