Simu iliyotumika si aibu, aibu ni kuuziwa bila risiti

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje ya nchi ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka. Katazo hilo likaongezwa muda mwezi Juni, na tangu Oktoba 16 mwaka huo huo madini hayo yanauzwa nje kwa mgao uliopangwa. Wachambuzi wa masoko wamelizungumzia jambo hilo kwa tani na dola. Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliozoea kuishi kwa machimbo, hupima bei ya kobalti kwa njia nyingine: kama baba atanunua simu mwezi huu au watoto watasubiri.

Huu ndio mtaa ambako mwaka 2014 mkazi mmoja, akichimba katika uwanja wa nyumba yake, alikutana na madini ya kobalti. Haukupita muda watu wakawa wanachimba hadi ndani ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na kukabidhiwa kampuni ya CDM, tanzu ya Huayou Cobalt ya China, na mamia ya familia zikahamishwa. Congo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na simu moja huchukua gramu chache tu za madini hayo kwenye betri yake. Gramu hizo huondoka hapa kama mawe. Baada ya miaka kadhaa baadhi yake hurudi kupitia Dubai, Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, zikiwa ndani ya simu ambayo mtu mwingine ameshaitumia na kuichoka.

Mengi yameandikwa kuhusu kejeli hiyo na mengi bado yataandikwa. Kinachoandikwa kwa nadra ni jinsi baba huyo anavyonunua, na hapo ndipo fedha za familia zinapopotea kila wiki bila kelele.

Kwanza, hakuna ubaya katika kununua kifaa kilichotumika. Simu ya miaka mitatu kutoka kampuni inayojulikana, ikiwa imetunzwa, mara nyingi ni bora kuliko simu mpya ya jina lisilojulikana ambayo boksi lake linadai ina nafasi ya gigabaiti 256 na ndani haifiki hata robo yake. Ubaya ni kununua kwa macho. Muuzaji anajua mteja wake anatazama nini: jina lililo mgongoni, kioo kinachong'aa, kava jipya. Anavisafisha hivyo vitatu na kuacha mengine yote kama yalivyokuja.

Mfano mzuri ni iPhone 6. Kwa mtu anayetaka simu ya heshima kwa fedha kidogo, inavutia. Lakini tangu Mei 2025 WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye simu hiyo, kwa sababu mfumo wake hauwezi kupandishwa hadi toleo linalohitajika. Simu za Android zenye mfumo wa chini ya toleo la 5 nazo zilikatwa mwanzoni mwa mwaka huo. Kwa familia inayopata matangazo ya mwalimu, picha za daftari na salamu za ndugu wa Lubumbashi kupitia WhatsApp, kifaa hicho kimekufa ingawa kinawaka. Muuzaji hatalisema hilo. Kulijua ni kazi ya dakika mbili: kufungua mipangilio ya simu, kusoma toleo la mfumo, kisha kujaribu kuweka WhatsApp hapo hapo dukani, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Dakika nyingine mbili zinahitajika kwa jambo zito zaidi. Simu nyingi za kisasa hufungwa na akaunti ya mwenye nazo wa kwanza, iwe ya Apple au ya Google. Zikifutwa bila akaunti hiyo kuondolewa, zitadai neno la siri ambalo mnunuzi hana na hatalipata. Ndiyo maana simu ya wizi huuzwa ikiwa imewashwa tayari, na muuzaji humsihi mteja asiifute. Baba anapaswa kudai kinyume chake: ifutwe mbele yake, iwashwe upya, aweke jina lake mwenyewe. Muuzaji akikataa, biashara imekwisha. Kisha abonyeze *#06#, asome namba ya IMEI inayotokea, ailinganishe na ile iliyo kwenye boksi au mgongoni.

Betri ndiyo sehemu inayohitaji ukali kuliko zote. Kwenye iPhone nyingi mipangilio huonyesha uwezo wa betri uliobaki kwa asilimia. Ukiwa chini ya 80, gharama ya kuibadilisha ihesabiwe ndani ya bei na siyo juu yake. Kwenye simu nyingine dalili zinaonekana kwa mkono. Kioo kilichoinuka kidogo pembeni, au mgongo unaoyumba simu ikilazwa mezani, maana yake ni betri iliyovimba. Hiyo haipunguziwi bei. Inaachwa. Betri ya aina hiyo inaweza kushika moto, na katika nyumba nyingi simu huchajiwa usiku, kwenye godoro, karibu na kichwa cha mtoto, kwa sababu ndio wakati umeme wa SNEL umebahatika kurudi. Umeme huo ukija kwa kushtuka, chaja ya bei ya chini kabisa haina cha kuuzuia. Dola mbili tatu zinazookolewa kwenye chaja ndizo za kijinga kuliko zote katika ununuzi huu. Ni afadhali kukubali kioo chenye ufa na kununua chaja ya kuaminika.

Kwa kompyuta mpakato, upepo sasa unavuma upande wa mnunuzi, akiwa makini. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Maofisi ya Ulaya na Marekani yanaziondoa, na ni jambo la kutarajiwa kwamba nyingi zitafika katika masoko ya Afrika kwa bei ya kushuka. Mashine hizo si takataka. Fundi anaweza kuziwekea mfumo wa bure wa Linux, na mwanafunzi wa sekondari akaandika, akahesabu na kusoma bila shida. Ila bei ya mashine isiyopata tena marekebisho ya usalama haiwezi kuwa sawa na ya ile inayoyapata, na baba anayelijua hilo ana neno la kusema wakati wa kupatana.

Paneli za jua zilizotumika ni suala jepesi zaidi. Paneli nzuri hupoteza sehemu ndogo sana ya nguvu yake kwa mwaka, kwa hiyo iliyofanya kazi miaka minane bado ina mengi ya kutoa. Ipimwe kwa mita, juani, mbele ya mnunuzi: paneli ya mfumo wa volti 12 ambayo haijaunganishwa na kitu inapaswa kuonyesha takriban volti 18 hadi 22. Hatari iko kwenye betri inayouzwa pamoja nayo. Betri ya gari haikuundwa kumalizwa kila usiku na taa na televisheni, na iliyokwisha kutumika kwenye gari itakufa mapema zaidi.

Yote haya yanamsaidia baba mwenye muda, utulivu na mtu wa kumwelekeza. Baba anayetoka shimoni jioni akiwa na malipo ya wiki hana vyote hivyo, na si haki mzigo wote ubaki mabegani mwake. Sheria ipo. Kanuni ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo Congo bado inaitumia, inamwajibisha muuzaji kwa kasoro zilizofichika katika kitu alichouza. Lakini sheria ya zaidi ya karne moja haimsaidii mtu asiyeweza kuthibitisha kwamba alinunua, siku gani, kwa nani na kwa bei gani. Bila risiti, mgogoro unabaki kuwa neno la mchimbaji dhidi ya neno la mfanyabiashara, na kila mtu Kolwezi anajua neno lipi husikilizwa.

Wala dola haiwezi kusema kwamba haina uwezo wa kutambua simu. Kuanzia mwaka 2020 hadi ilipofutwa 2022, tozo ya RAM ilikatwa kwenye vocha za wananchi kwa maelezo kwamba kila simu inasajiliwa na kwamba usajili huo ungewalinda dhidi ya simu bandia na za wizi. Wananchi waliipinga tozo hiyo na walikuwa na haki. Hata hivyo kazi iliyotajwa kuwa sababu yake bado inahitajika, na inaweza kufanywa bila kumkata mtu faranka. Tanzania ilipozima simu bandia katikati ya Juni 2016, mamlaka yake ya mawasiliano ilikuwa imeshawapa wananchi njia ya kutuma namba ya IMEI kwa ujumbe mfupi na kujibiwa kama simu ni halali. Mamlaka ya Kinshasa, ARPTC, inaweza kuifungulia Lualaba njia kama hiyo.

Jiji la Kolwezi linaweza kuanza na dogo zaidi. Liwatake wauzaji wote wa simu na kompyuta, wenye maduka na wenye meza, kutoa karatasi yenye jina lao, namba ya IMEI, bei, tarehe, na siku saba za kurudisha kifaa chenye kasoro. Wauzaji watasema bei itapanda. Itapanda kidogo, ndiyo, kwa sababu muuzaji atalazimika kupima mzigo wake kabla ya kuutandaza mezani. Leo gharama ya kupima inalipwa na mnunuzi, kwa kununua simu mbili ili apate moja.

Wakati agizo hilo likisubiriwa, malipo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money huacha ujumbe wenye tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Ujumbe huo, pamoja na picha ya kifaa na namba yake ya IMEI, vitumwe papo hapo kwenye simu ya mama nyumbani, ambaye katika familia nyingi za Kasulo angefaa kuwepo dukani tangu mwanzo.