SERIKALI SI DOLA, NA HALMASHAURI SI CHAMA



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme jambo lililonikera tangu mkutano wa tawi uliopita. Mwanachama mmoja, mtu wa karakana, alisimama akauliza kitabu cha hesabu kiko wapi, maana ada tunakatwa kila mwezi. Mkubwa mmoja wa tawi akamjibu kwa ukali ya kwamba anakipinga chama. Watu wakapiga makofi, na yule mwenzetu akaketi. Mimi pia nilinyamaza, na jambo hilo lanitia haya mpaka leo.

Nimefikiri sana, nikaona ya kuwa kosa lilianza katika maneno. Twachanganya vitu vitatu: dola, serikali, na utaratibu wa kutawala. Wataalamu wanaolinganisha siasa za nchi mbalimbali huvitenga kwanza kabla ya kusema lolote. Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni tu, lakini jambo hili halihitaji chuo kikuu.

Dola (wala sisemi zile pesa za Marekani) ni mwili wa kudumu: mahakama, polisi, jeshi, watoza kodi, na makarani wanaofika kazini Jumatatu hata Rais awe nani. Mjerumani mmoja, Max Weber, alieleza mwaka 1919 ya kwamba dola hujulikana kwa kuwa ndiyo peke yake, ndani ya mipaka yake, inayodai haki ya kutumia nguvu, na watu wakaikubali haki hiyo. Serikali ni wale walioshika zamu kwa wakati fulani. Sisi watu wa reli habari ya zamu twaijua: dereva hushuka, mwingine hupanda, na njia ni ile ile. Utaratibu nao ni kanuni za kazi, yaani nani apewe zamu, na aondolewe kwa njia gani.

Tazameni Ubelgiji. Walipiga kura Juni 13, 2010, kisha vyama vikashindwa kupatana. Nchi ile ina watu wasemao Kiholanzi na watu wasemao Kifaransa, na ugomvi wao ni wa miaka mingi. Siku 541 zikapita, mpaka Desemba 2011, ndipo serikali mpya ikaapishwa. Wakati huo wote waziri mkuu wa zamani, Yves Leterme, alikuwa akishikilia zamu tu. Je, nchi ilisimama? Kodi zilitozwa, walimu walifundisha, na mwaka 2011 wakapeleka hata ndege za vita Libya. Serikali kamili haikuwapo, lakini dola ilikuwapo.

Sasa tazameni jirani zetu wa Somalia. Wao wengi wana lugha moja na dini moja. Mtu angesema hao hawawezi kuvunjika. Lakini Siad Barre alipokimbia Mogadishu Januari 1991, haikuanguka serikali peke yake. Mahakama, polisi, benki kuu, vyote vilikwenda pamoja naye, na kwa miaka mingi hapakuwa na wa kudai ile haki aliyoisema Weber. Kwa hiyo wale wasemao kwamba shida ya nchi zetu ni makabila mengi tu, wafikiri tena.

Najua jibu la wakubwa. Watasema: ndiyo maana msiitikise serikali, nchi isije ikawa kama Somalia. Maneno hayo si ya bure kabisa, kwa maana vita huua dola. Lakini Barre aliingia kwa jeshi mwaka 1969, akapiga marufuku vyama, akaweka jamaa zake mahali pa nguvu, na mwaka 1988 ndege za jeshi lake zikaupiga mabomu mji wa Hargeisa, mji wa nchi yake mwenyewe. Alikuwa ameifunga dola kwenye mwili wake. Siku alipotoka, hapakuwa na kitu cha kumkabidhi mwingine. Aliyeiponza nchi ile si mtu aliyeuliza hesabu.

Hapa kwetu Kenya tumeonja mambo haya pia. Mwaka 1982 sheria iliandikwa kwamba chama ni kimoja tu. Rais alikuwa yule yule Moi, dola ile ile, lakini utaratibu ulikuwa umegeuka, na mwaka 1988 watu wakapangwa foleni nyuma ya wagombea katika uteuzi wa chama, kila mtu aonekane amesimama wapi. Kifungu kile kilifutwa Desemba 1991, na Moi bado yuko kitini. Tena mwaka 2002 Kibaki akashinda, akaapishwa tarehe 30 Desemba, na kesho yake polisi walikuwa kazini na mahakama zipo. Wale waliodai vyama vingi waliitwa maadui wa nchi. Nchi haikufa walipopata walichotaka.

Basi narudi tawini. Chama ni wanachama, katiba yake na ada zetu. Halmashauri ni watu tuliowapa zamu. Katiba yetu ndiyo utaratibu, nayo yatuwezesha kuwauliza. Yule ndugu wa karakana hakukipinga chama hata kidogo. Aliuliza mali ya chama iko wapi. Na kama kitabu ni safi, kukileta mezani ni kazi ya dakika tano.

Katika mkutano ujao nitasimama mimi kuuliza swali lile lile, naye amekubali kuketi karibu nami. Atakayetaka kuniunga mkono aje mapema, maana chumba kile ni kidogo.

Ni mimi mwanachama wenu,
Mtu wa Reli