Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kila mwaka mvua inaporudi huku kwetu Kivu, mwaona mbayuwayu wengi wakijipanga juu ya nyaya na kuzunguka juu ya mashamba. Wengi wao hawakuzaliwa hapa. Wamezaliwa Ulaya, chini ya paa za mazizi ya ng'ombe, nao wamesafiri zaidi ya kilomita 6,000 kutufikia. Leo twataka kuwaonyesha mahali pamoja ambapo ndege wasafiri hupumzika na kula kabla ya kuanza safari hiyo.

Mahali hapo paitwa Zwin, kando ya bahari karibu na Knokke, mpakani mwa Ubelgiji na Uholanzi. Tufani ya mwaka 1134 ilifungua hapo mkono wa bahari, na kwa miaka mingi meli zilipitia humo kwenda Damme, bandari ya mji tajiri wa Bruges. Pole pole mchanga uliuziba, meli zikakoma, ikabaki nchi ya matope na majani yanayostahimili chumvi. Mwaka 1952 Léon Lippens aliifanya hifadhi ya ndege. Jina hilo si geni kwa Wakongo: baba yake, Maurice Lippens, alikuwa Gavana Mkuu wa Kongo ya Wabelgiji tangu 1921 hadi 1923. Naye Léon, pamoja na Henri Wille, alitoa mwaka 1976 kitabu juu ya ndege wa nchi yetu, iliyoitwa wakati ule Zaïre.

Tulifika Zwin asubuhi moja ya mwanzo wa Oktoba, majira ambapo majani ya miti ya Ulaya hugeuka manjano na kupukutika. Baridi ilikuwa kali, na ukungu ulifunika matope. Tuliingia katika kibanda cha mbao chenye matundu ukutani. Humo mtu hukaa kimya na kutazama nje, naye ndege hamwoni. Wenzetu walikuwa na darubini na kamera zenye lenzi ndefu. Hakuna aliyepiga picha kwa muda wa saa nzima. Walikuwa wakingoja nini? Walikuwa wakingoja maji.

Ninyi mnaokaa kando ya Ziwa Kivu au Tanganyika hamjaona jambo hili: bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Inapopwa, ndege hutawanyika mbali matopeni wakitafuta minyoo na konokono. Inapojaa sana, maji huwasukuma karibu na nchi kavu, nao hukusanyika mahali pamoja. Mpiga picha ajuaye hayo hawafuati ndege, huketi akawangoja.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ukungu ulipoinuka, maji yalipanda katika mifereji, wakaja sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, bata bukini kwa makundi, na yangeyange weupe kama wale tuwaonao huku kwetu. Vitwitwi walikimbia ukingoni wakitikisa mikia, kama wafanyavyo kandokando ya maziwa yetu. Juu yao mbayuwayu wachache wa mwisho walipita, wote wakielekea kusini.

Kijana mmoja alitaka kutoka nje ili awakaribie. Mzee mmoja alimshika mkono akamweleza sababu ya kukatazwa, nayo yafaa tuijue sote. Majira hayo ndege hali kwa kushiba tu. Anaweka akiba ya mafuta mwilini. Yuko ndege mdogo wa matete ambaye kabla ya safari karibu huongeza uzito wake mara mbili. Mafuta hayo ndiyo chakula chake cha kuvuka Bahari ya Kati na jangwa la Sahara. Kila mara anapotishwa akaruka, anapunguza akiba ile. Picha iliyopatikana kwa kumfukuza ndege inalipwa na ndege mwenyewe, pengine kwa kuanguka jangwani. Kijana aliketi tena.

Twajuaje kwamba ndege wa kule ndio hawa wa huku? Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete nyepesi za madini zenye namba na anwani. Mwezi Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete huko Staffordshire, Uingereza. Mwezi Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika ya Kusini. Mwili wake una uzito wa gramu 20 hivi tu!

Basi mgeni huyu ana makao mawili, na akikosa moja, la pili halimwokoi. Mwaka 2019 Zwin iliongezwa hekta 120 hivi, ukuta wa kuzuia bahari ukasogezwa nyuma. Ardhi iliyokuwa ya kilimo ikaachiwa maji. Si jambo dogo kumwomba mkulima aache shamba. Huku kwetu pia twajua kwamba bonde lenye mafunjo likikaushwa hutoa viazi na maharagwe, na mwenye watoto wenye njaa hawezi kulaumiwa kwa kulima. Lakini bonde likikaushwa lote, chemchemi hupungua, samaki wadogo hukosa pa kukulia, na wageni wetu hukosa pa kutua. Tuache walau ukingo wa matete kando ya maji.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbayuwayu hula nzi, mbu na wadudu wengine warukao mchana kutwa, wala hagusi nafaka zetu. Enyi wanafunzi, manati yenu iacheni mfukoni anapopita. Mkiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, andikeni namba na maneno yote yaliyochorwa humo, pamoja na mahali na siku, mkampelekee mwalimu wenu ayatume kwenye anwani ile. Na mwaka huu kila mmoja aandike katika daftari yake tarehe aliyomwona mbayuwayu wa kwanza, na tarehe aliyomwona wa mwisho, mwezi wa tatu au wa nne. Mwakani mtalinganisha.