Kipimo cha damu pekee hakitaokoa mimba Rhonda

Kwa miaka mingi wanasayansi wamekuwa wakitafuta, katika damu ya mama, protini zinazoweza kubashiri kama mimba changa itadumu au itaharibika. Juhudi hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, kwa mwanamke wa mtaa kama Rhonda, jijini Nakuru, swali zito ni jingine: akishabashiriwa, atasaidiwaje?

Protini inayofahamika zaidi ni hCG, ile inayotambuliwa na kipimo cha mkojo kinachouzwa katika maduka ya dawa. Hutolewa na seli zinazounda kondo la nyuma. Mimba inapoendelea vyema, kiwango chake katika damu hukaribia kuongezeka maradufu kila baada ya siku 2 au 3. Kikipanda kwa kusuasua au kikishuka, daktari huwa na sababu ya kuhofu. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Sharti mama arudi baada ya saa 48, alipe nauli tena, na pengine apoteze kibarua cha siku.

Isitoshe, nyingi ya mimba zinazoharibika mapema hutokana na kasoro za kromosomu, ambazo hazina dawa. (Wala si kosa la mama kubeba mtungi wa maji, kama mama wakwe wengi wanavyodai.)

Mwaka wa 2019, utafiti wa PRISM nchini Uingereza ulichapisha matokeo ya wanawake zaidi ya 4,000 waliokuwa wakivuja damu katika wiki za kwanza za ujauzito. Kwa jumla, homoni ya projesteroni haikuleta tofauti kubwa. Walioonekana kunufaika ni wale waliowahi kupoteza mimba, hasa mara 3 au zaidi. Kilichowatambulisha hakikuwa protini yoyote, bali historia waliyomsimulia muuguzi, na kuiuliza hakuhitaji maabara.

Kaswende nayo, ambayo huweza kuharibu mimba, hupimwa kwa tone la damu na kutibiwa kwa sindano ya penisilini.

Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani hupendekeza ziara 8 za kliniki, ya kwanza kabla ya wiki 12 kutimia. Mama anayefika kliniki mwezi wa tano huwa amekwishapita kipindi ambacho kipimo cha hCG kingemwambia lolote kuhusu mimba yake.