Twiga wa Malindi na Sarafu za Kajengwa

Imekuwa ada, kila utajwapo udugu wa Zanzibar na China, kutangulizwa jina la Zheng He na merikebu zake. Hotuba humtaja, malenga nao hufuata: Mreno alikuja na mizinga, Mchina akaja na hariri. Kauli hiyo ina vina vizuri. Ukweli wake ni nusu.

Zheng He alikuwa mtumishi wa mfalme Yongle wa ukoo wa Ming, na misafara yake 7, baina ya mwaka 1405 na 1433, ilibeba askari kwa maelfu. Mtawala wa Ceylon, Sri Lanka ya leo, aliyeikabili kwa silaha alichukuliwa mateka mwaka 1411, akafikishwa mbele ya mfalme. Katika fikra za kasri lile mfalme ni Mwana wa Mbingu, na mgeni aletaye kitu huwa ameleta utii. Ndiyo maana twiga aliyetoka Malindi mwaka 1415 hakupokewa kama zawadi ya jirani. Aliitwa qilin, mnyama wa heri katika ngano za Kichina, asiyetokea ila zama za mfalme mwadilifu. Malindi ikageuzwa shahidi wa uadilifu wa Yongle, na washairi wa kasri wakamsifu bwana wao kwa shingo ya mnyama wa watu. (Kumbe wa leo wana wenzao.) Ukoo huohuo tangu mwaka 1371 ulikuwa umewakataza raia wake kutoka baharini kwa biashara zao wenyewe.

Itajibiwa kwamba Mreno alifanya mabaya zaidi. Naam. Ravasco aliposhuka Unguja mwaka 1503 alimtoza mtawala wa hapa mithkali 100 za dhahabu kwa mwaka. Ila ukatili wa huyu haumfanyi yule kuwa ndugu.

Wenye kutafuta udugu na waende Kajengwa, karibu na Makunduchi. Huko, katikati ya miaka ya 1940, zilifukuliwa sarafu za Kichina zipatazo 170 na ushei, nyingi zikiwa za enzi ya Song, dola iliyoanguka mwaka 1279, Ming hawajazaliwa. Song walipenda ushuru wa bandari, lakini shaba yao waliionea wivu: mara kwa mara walipiga marufuku sarafu kutoka nchini. Zikatoka. Zilitoka kwa ujanja wa wachuuzi, zikapokezanwa bandari kwa bandari pamoja na kaure, hata zikafika kusini mwa Unguja mikononi mwa watu wasiojua, wala wasiohitaji kujua, ni mfalme gani aliyeandikwa kando ya lile tundu la mraba.

Na yuko Zhao Rugua, mkuu wa forodha ya Quanzhou, aliyeandika mwaka 1225 habari za nchi aitwayo kwake Cengba, ambayo wataalamu wengi huitambua kuwa pwani hii. Hakufika, aliwauliza wafanyabiashara. Ataja pembe za ndovu, dhahabu, ambari na sandali zitokazo huku, na nguo, kaure na shaba ziletwazo. Humo mtu wa pwani ana mali yake na bei yake, na anangojewa bandarini. Katika madaftari ya Ming yeye ni mchunga twiga tu. Wanaotunga hotuba za udugu wana hiari ya kuchagua karani wa kumsikiliza, na hadi leo wamemchagua wa kasri.