Samani za Mvule Zisigeuzwe Kuni

Inasikitisha kuona mwalimu wa Kisumu akichukua mkopo wa chama cha akiba ili anunue kabati la vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Linameta siku chache. Maji yakiligusa, linavimba na kumeguka. Wakati huohuo, samani za mvule zilizoundwa miaka ya 1950 zinapasuliwa kuni, ilhali mti wenyewe huchukua miongo kadhaa kukomaa na umeadimika mno.

Kiti changu cha kusomea nilikinunua kikuukuu katika soko la Kibuye, siku ya Jumapili. Kilikuwa kimelegea na kupakwa rangi ya kijani isiyopendeza. Niliikwangua rangi hiyo, nikatia gundi kwenye ndimi zake (naam, seremala naye huita ulimi ile ncha ichomekwayo tunduni), nikakipiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha nikakipaka mafuta ya kitani. Msasa wenyewe, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mti ambao majani yake yenye mikwaruzo yalitumiwa kulainishia mbao. Kikalio nilikisuka upya kwa gugumaji lililokaushwa, lile lile linalowasumbua wavuvi wa Dunga.

Wapo watakaodai kuwa samani kuukuu humshushia mwalimu hadhi. Sijui ni hadhi gani hiyo inayolipiwa kwa riba.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulisisitiza kazi za mikono. Madawati mabovu yaliyorundikwa nyuma ya madarasa yangali somo tosha: wanafunzi wapewe patasi, gundi na msasa.