Chumvi ya Jirani Si Kipimo

Iko desturi niionayo kila siku bwaloni. Mwanafunzi akiambiwa kwamba anatia chumvi nyingi katika maharagwe, haitazami sahani yake, bali humnyoshea kidole mwenziwe: "Mbona fulani anatia zaidi?" Basi moyo wake hutulia, naye huongeza tena kidogo.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyotiwa jikoni. Na presha, aghalabu, haiumi. Haijulikani ila kwa kupimwa. Mjomba wangu hapa Itiryo alizoea kujisifu kwamba hali chumvi kama jirani yake. Sasa amepooza upande mmoja kwa kiharusi, na jirani angali akipalilia mihogo. (Nadhani huyo naye hajapimwa.)

Wengine hujilinganisha na walio juu mno. Kwa kuwa hawawezi kukimbia kama Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, hawazunguki uwanja hata mara moja.

Ati mababu walikula watakavyo wakazeeka! Twawahesabu waliozeeka tu. Waliokufa mapema hawapo kutusimulia.

Naomba vikopo vya chumvi viondolewe mezani. Nanyi wazazi, mjapo kututembelea, tafadhalini mpitie kwanza zahanati mkapimwe presha.